Mwanzi wangu wa bahati unaungua ncha, na mama mkwe anasema ni mkosi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Usa River na mume wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Mwezi wa kumi na moja nilifungua ofisi yangu mwenyewe ya ushonaji, fremu ndogo ya kupanga kando ya barabara, baada ya miaka mingi ya kushonea ofisi za watu. Siku ya kufungua, wifi yangu anayeishi Dar es Salaam alikuja na zawadi: mwanzi wa bahati, mashina matano yamefungwa utepe mwekundu, ndani ya chombo cha kioo chenye vijiwe vyeupe. Alinunua vifungu viwili vinavyofanana kwa muuzaji mmoja, kimoja akanipa, kingine akabaki nacho kwake.

Niliuweka juu ya kabati la vitambaa, mkabala na mlango, ili kila anayeingia auone. Nimeuhudumia kwa moyo wote. Maji ya kisima tunayotumia nyumbani nayachemsha kabisa kama ya kunywa, nayaacha yapoe usiku kucha, asubuhi naenda nayo ofisini na kuongeza pale yalipopungua. Hata hivyo kabla ya Krismasi ncha za majani zilianza kuwa za kahawia, kama zimeguswa na pasi. Nikazikata, zikarudi. Nikadhani mmea una njaa, nikautilia punje chache za mbolea tunayowekea mahindi. Baada ya muda shina moja likaanza kuwa la njano kuanzia chini. Sasa njano imefika katikati, ukilibonyeza ni laini. Maji yananuka, na juzi nimeona viluwiluwi vinacheza ndani yake.

Shangazi, majani peke yake yasingenikosesha usingizi. Januari nilikuwa na kazi hadi usiku, lakini tangu mwezi wa pili uishe wateja wamepungua mno, na kodi ya fremu inakaribia. Mteja mmoja aliyewahi kufanya kazi na Wachina kwenye ujenzi wa barabara aliniambia mwanzi huu ukifa na biashara inakufa. Akaniambia pia nisithubutu kuling'oa hilo la njano, kwa sababu yatabaki manne, na kwa Wachina nne ni namba ya kifo. Kwa hiyo nimeliacha.

Halafu mama mkwe alikuja kutoka Marangu. Aliutazama, akasema huo ni mti wa kigeni usio na mwenyewe, umeingiza mkosi kwenye nyumba ya mwanawe, utupwe. Mume wangu hataki kubishana na mama yake, anasema tupa yaishe. Na wifi akipiga simu lazima aulize mwanzi unaendeleaje, maana wa kwake anautilia maji ya bomba tu pale anapokumbuka, na umejaa majani. Nimeshindwa kumwambia ukweli. Nifanye nini?

Fundi, Usa River


Marahaba, mwanangu, na hongera sana kwa ofisi yako.

Kabla ya mengine yote, nenda ukaling'oe hilo shina la njano leo. Shina la mmea huu likigeuka njano kuanzia chini na kuwa laini limeshaoza. Sehemu hiyo hairudi kuwa ya kijani, na uozo wake umo kwenye maji yale yale ya wenzake wanne. Ukizidi kulilinda kwa kuogopa kubaki na manne, utakuja kubaki na mawili. Mwaga maji yote. Toa vijiwe, vioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza hadi povu liishe. Chombo kisugue ndani kwa brashi au kitambaa kigumu, hasa pale kwenye mstari maji yanapoishia. Nitakuambia kwa nini mbele kidogo. Mizizi ya mashina mazima isuuze taratibu. Usishtuke ukiikuta ya rangi ya chungwa au nyekundu, maana hiyo ndiyo rangi ya mizizi yenye afya kwa mmea huu. Kata ile nyeusi au ya kijivu, inayoteleza na kunuka.

Na hiyo tano yako hujaipoteza. Umesema njano imefika katikati, kwa hiyo huko juu bado kuna kijani. Chukua kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, kata juu ya mahali njano inapoishia, uache upana wa vidole viwili wa kijani kitupu, kisha utazame mkato. Ndani pawe pagumu na pasafi. Ukiona doa la kahawia, panda juu kidogo ukate tena. Kipande hicho kisimamishe kwenye chupa yake peke yake, mbali na wale wanne, mpaka uhakikishe hakiendelei kuoza. Mizizi itatoka kwenye pingili baada ya wiki kadhaa. Ikitokea uozo umeshapanda hadi juu, usihuzunike: kata tawi moja lenye majani kutoka kwenye shina zima, lisimamishe majini vivyo hivyo, nalo litaota. Hivyo ndivyo mmea huu unavyozalishwa mashambani, kwa vipande vya mashina.

Mteja wako hakusema uongo, Wachina wengi huikwepa nne wanapotoa zawadi. Lakini wifi yako alikupa tano, na zawadi ile ilishapokelewa kama ilivyotolewa. Mashina manne yakikaa kwenye chombo huku la tano likiota mizizi kwenye chupa jirani, hakuna aliyekutakia mabaya. Ukisubiri wiki hizo chache utayafunga tena yote pamoja kwa utepe ule ule.

Sasa nije kwenye ncha za kahawia. Hapa nitakaa, maana ndipo barua yako iliponishtua.

Wewe na wifi yako mna vifungu viwili kutoka kwa muuzaji mmoja. Yeye anausahau wa kwake na unastawi. Wewe unauhudumia na unaungua. Tafuta kinachotofautiana kati ya nyumba zenu utafika kwenye maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Ninyi mnachota kisima chini ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ya mlima huo ina madini mengi ya floraidi, na maji yanayopita humo ardhini yanayeyusha floraidi hiyo na kutoka nayo. Eneo lote hilo, kuanzia Arusha mjini hadi Maji ya Chai na kuendelea, linajulikana kwa jambo hili tangu zamani.

Mwanzi wa bahati, pamoja na jamaa zake wa karibu, ni katika mimea ya ndani inayodhurika haraka kwa floraidi. Mizizi inavuta maji, maji yanapanda hadi kwenye majani, kisha yanatoka hewani kama mvuke. Floraidi haitoki na mvuke. Inasukumwa hadi mwisho wa safari, yaani ncha na kingo za jani, inajilimbikiza pale, na siku ikizidi kiasi inaua sehemu hiyo. Ndiyo maana unakata ncha na kahawia inarudi, kwa sababu unakata kilichokufa huku chanzo kinaendelea kuingia kwa chini.

Ulifanya ulichoambiwa na wengi, ukayalaza maji usiku kucha. Kwa mwenye maji ya bomba yenye klorini ushauri huo una maana, kwa sababu klorini hupungua maji yakiachwa wazi. Floraidi haiondoki hivyo. Na kuchemsha, ambako kunaua vijidudu na usiache kukufanya kwa maji ya kunywa, hakuigusi floraidi kabisa. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, na maji yaliyobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi katika kila kikombe. Tena umeandika kwamba unaongeza maji pale yanapopungua. Hukuandika popote kwamba unayamwaga. Maji yaliyopungua kwenye kile kioo yaliacha madini yake yote mle ndani, ukaongeza mengine juu yake, na mengine tena. Mbolea ya mahindi ilikuja kukoleza, lakini ncha zilianza kuungua kabla yake, kwa hiyo siilaumu kama chanzo.

Dawa yake ipo, na wakati huu mnayo bure: masika ndiyo haya yanaanza. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, zinazofuata kinga ndoo. Mmea wa mashina manne au matano unatumia maji kidogo mno, madumu machache yenye vifuniko yanakutosha hadi vuli. Jaza kwenye chombo maji ya kufunika mizizi tu, kina cha vidole vitatu hivi, usilizamishe shina. Kila wiki mwaga yote, suuza, weka mapya. Ukikosa maji ya mvua, ya chupa yanafaa, ila soma kwanza karatasi iliyobandikwa, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika kiasi cha floraidi. Chagua yenye kidogo.

Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona. Yapunguze kwa mkasi ukifuata umbo la jani ili lisionekane limekatwa, uache uzi mwembamba wa kahawia bila kuingia kwenye kijani. Kisha acha kuyatazama hayo. Tazama majani mapya yatakayotoka juu baada ya kubadilisha maji. Yakitoka masafi na kubaki masafi, utakuwa umepata jibu lako kuhusu mmea.

Kuhusu mtoto, jibu hilo halitoshi. Mwanangu, weka mwanzi pembeni kidogo unisikilize. Mtoto wako ana miaka miwili, na nadhani anakunywa maji ya kisima hicho hicho, anapikiwa uji kwa maji hayo hayo yaliyochemshwa. Meno yake ya utotoni yameshaota, lakini ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi, na kazi hiyo inaendelea hadi karibu umri wa miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hii, jino linatoka likiwa na madoa meupe, au ya kahawia, au na vishimo, na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyafuta baadaye. Ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi inaingia hadi kwenye mifupa, na huko kwenu wapo watoto waliopinda miguu kwa sababu hiyo. Wewe mwenyewe unaishi Usa River, umeyaona meno ya kahawia kwa watu wazima wanaokuzunguka. Watu wameyazoea hadi wanayaona kama alama ya mtu wa huko. Yana sababu, na sababu hiyo inaweza kuzuiwa kwa mtoto mdogo kama wako.

Sisemi kwamba kisima chenu ni kibaya. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, kimoja kikawa salama na kingine kikawa na floraidi mara kadhaa ya kiwango, na jani la mmea halichukui nafasi ya kipimo. Ninachosema ni kwamba maji yapimwe. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na ninyi mko karibu na Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, ambacho kazi yake ndiyo hiyo. Uliza kwanza jinsi ya kuchukua sampuli, uende na maji kwenye chupa safi ya plastiki, siyo ya kioo. Waulize pia kuhusu chujio la mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto la kiasi maalumu, inasagwa kuwa punje, na maji yakipita humo floraidi inashikwa. Punje hizo huchoka, inabidi zibadilishwe, na wao watakueleza baada ya muda gani. Chujio la kawaida la mshumaa wa kauri, ambalo wengi wanalo jikoni, linashika uchafu na vijidudu lakini floraidi inapita.

Wakati mnasubiri majibu, mtoto anywe na apikiwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa. Hapo kuchemsha kuna faida, kwa kuwa maji ya bati yanaweza kuwa na vinyesi vya ndege. Mume wako ambaye hataki ubishi mpe kazi ya kufunga gata na kutafuta tanki; hakuna atakayebishana naye. Na kama mnatia magadi kwenye maharage au makande, acheni kwa ajili ya mtoto. Magadi yanayochimbwa kwenye Bonde la Ufa huwa na floraidi nyingi, na nyumba inaweza kuwa na maji mazuri kabisa huku inaila kwenye sufuria ya maharage bila kujua.

Turudi ofisini kwako. Viluwiluwi. Mbu wanaopenda vyombo vidogo vya maji ndani ya nyumba ni wale weusi wenye mabaka meupe, wanaouma mchana, ambao ndio wanaoeneza homa ya dengue. Hubandika mayai yao ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanavumilia ukavu kwa miezi. Ndiyo maana nimekuambia usugue mstari ule. Kumwaga maji peke yake kunayaacha mayai palepale yakisubiri ujaze tena. Yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja au kuzidi kidogo kwenye joto, kwa hiyo ukimwaga na kusugua kila wiki hawamalizi kukua. Mwaka 2001 huko Los Angeles, Marekani, wakaguzi walikuta mbu wa jamii hiyo wamesafiri kutoka China ndani ya makontena ya mianzi hii hii, kwa sababu ilipakiwa ikiwa imesimama kwenye maji. Mwambie na wifi yako. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019, na mmea unaotiliwa maji pale mtu anapokumbuka ni mahali pazuri sana kwa mbu hao. Hapo utakuwa unampa wewe ushauri wa mwanzi, na utaona simu yake haitakuwa nzito tena kuipokea.

Mbolea ya mahindi usirudie. Ni kali mno kwa mizizi iliyo kwenye maji matupu, na mbolea nyingi za fosfeti zina floraidi ndani yake. Mmea ukishaota majani mapya, ukapata mbolea ya maji ya mimea ya ndani, tia sehemu moja ya kumi ya kipimo walichoandika, mara moja kila miezi miwili. Bila hiyo pia utaishi.

Juu ya kabati panafaa ikiwa mwanga unaingia lakini jua lenyewe haliugongi. Angalia saa za jioni. Na kwa kuwa hiyo ni ofisi ya fundi, uwe mbali na meza ya pasi. Joto na mvuke wa karibu vinababua majani. Juni na Julai baridi la Meru likishuka, usiuache usiku karibu na mlango wenye upenyo. Mtoto ukienda naye kazini, vile vijiwe na majani visifikiwe na mkono wake: vijiwe vinaweza kumkaba, na majani yana kemikali inayotapisha. Paka pia anayatapika.

Ukitaka udumu miaka mingi, nakushauri baadaye uuhamishie kwenye udongo. Watu wengi wanadhani lazima ukae kwenye maji, lakini maji ni mtindo wa dukani. Chungu chenye tundu chini, udongo uliochanganywa na mboji na mchanga ili maji yasituame, na maji ya mvua pale udongo unapokauka juu. Kwenye udongo wenye chokaa kidogo, floraidi hushikwa na kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, isipande kwa urahisi, kwa hiyo hata siku ukikosa maji ya mvua madhara yanakuwa madogo. Mimi binafsi napenda zaidi kuuona hivyo, majani yanakuwa mapana na rangi inakolea.

Kuhusu wateja kupungua, tazama daftari lako na kalenda. Desemba na Januari ulishona sare za shule, ndiyo maana ulikesha. Sare zimekwisha. Sasa tuko kwenye Kwaresima, na huko kwenu kaskazini harusi nyingi zinasubiri Pasaka ipite, kwa hiyo magauni ya harusi na vitenge vya kamati vinasubiri pia. Ofisi yako haijawahi kuupita mwezi huu hata mara moja, hivyo huna mwaka mwingine wa kulinganisha, na hapo ndipo hofu inapata nafasi. Nenda kwa fundi mmoja mkubwa kati ya wale uliowahi kuwafanyia kazi, umuulize Kwaresima yake ilikuwaje mwaka jana na mwaka juzi. Ukiona mauzo ya Januari yanapishana hivi na ya Machi kila mwaka, utajua kiasi gani cha kuweka pembeni kwa ajili ya kodi ya fremu. Na wiki hizi tulivu pita kwa watu wenye harusi baada ya Pasaka, uwachukue vipimo mapema, kabla hawajarundikana kwa mafundi wengine.

Nimemweka mama mkwe mwisho kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukusaidia zaidi.

Amesema ni mti wa kigeni usio na mwenyewe. Kwao ni misitu ya Afrika yetu, upande wa Kameruni hadi Kongo, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Miaka ya 1890 ulifika Uingereza, ukapewa jina la kisayansi Dracaena sanderiana kwa heshima ya Frederick Sander, mfanyabiashara wa maua wa mji wa St Albans aliyesifika kwa okidi. Baadaye ulipelekwa Asia, na leo mashamba ya jimbo la Guangdong, hasa Zhanjiang, yanaulima kwa wingi na kuusambaza duniani kote ukiwa umefungwa utepe mwekundu. Wala si mwanzi, kwa kuwa mianzi ni jamii ya nyasi. Huu ni wa jamii ya Dracaena, na mama mkwe wako wa Marangu anao ndugu zake wamezunguka kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani: masale.

Unajua heshima ya sale kwa Wachaga. Ndilo linalowekwa mpakani kati ya kihamba na kihamba, na mtu akikosea akaja ameshika sale kuomba msamaha, huwezi kumfukuza. Huo ni mti ambao mama ameukata na kuuchomeka ardhini tangu ujana wake, anaujua kuliko mimi na wewe. Usimwendee na maelezo haya kama mtu anayetaka kumshinda. Mpigie simu, msalimie, mwambie, "Mama, ule mti nimeambiwa ni ndugu yake sale, na mimi sijui kuukata, naomba ukija unielekeze." Nawe usiwe na haraka, kile kipande cha juu kikishaota mizizi, kiweke kwenye chungu cha udongo umpelekee akiweke kibarazani kwake. Mkumbushe kwa upole kwamba aliyeileta zawadi hiyo ni binti yake mwenyewe. Na siku hiyo hiyo mweleze habari ya maji na meno ya mjukuu wake. Mkosi anaouogopea nyumba ya mwanawe, kama upo, basi uko kwenye kisima, na bibi akisema mtoto anywe maji ya mvua, hakuna mtu nyumbani atakayepinga.

Majibu ya maji yakitoka, niandikie namba iliyoandikwa kwenye karatasi mbele ya neno floraidi, na uniambie mtoto anakunywa nini kwa sasa. Ya mwanzi tutaendelea kuyazungumza taratibu. Hilo la maji usilisubirishe hadi baada ya Pasaka.

Shangazi